Mbuzi Wasiokunywa Dawa

Wenzangu mnaobaki katika ofisi ya mifugo Garsen mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa. Nimekubali haraka, kwa sababu najua hakuna mwingine anayeweza kuiandika vizuri kama mimi. Vyeo sitavitaja, mlivisikia vyote siku ya kuniaga, na vingine mlivisikia mara mbili. Nitaandika habari za minyoo, kwa kuwa minyoo ndio walionipa jina, wakanipeleka Ulaya, kisha wakaniaibisha mbele za watu.

Mimi ni mtoto wa wakulima wa Kigiriama waliohamia delta kutoka kusini. Kwetu hapakuwa na mtu aliyevuka darasa la saba. Diploma yangu ya afya ya mifugo niliipata kwa jembe langu mwenyewe, maana likizo zote nilizimalizia kwenye mashamba ya watu. Ipo sebuleni kwangu, ndani ya fremu ya kioo, na mgeni akikaa kiti chochote ataiona. Nilijaribu viti vyote kabla ya kupigilia msumari.

Siku ya kwanza kazini nilifika na shati jeupe na tai. Aliyenipokea ni Mzee Komora, msaidizi wa mifugo, Mpokomo wa mtoni, mtu mfupi mwenye viganja vipana. Aliitazama ile tai kwa muda.

"Bwana Diploma," akasema, "hiyo ni ya kufungia ndama?"

Akanipeleka zizini moja kwa moja. Alimshika mbuzi, akashusha kope ya chini kwa kidole gumba, akaniuliza naona rangi gani. Nikasema waridi. Akamshika wa pili. Nikasema waridi pia.

"Huyo wa pili ni mweupe kama ukuta wa zahanati," akasema. "Tumboni ana minyoo wanaomnywa damu. Hawakukuonyesha huko chuoni?"

Siku hiyo nilishusha kope za mbuzi mpaka vidole vikafa ganzi. Ninyi mnaobeba kadi yenye rangi tano za kulinganisha kope, mjue kwamba kabla ya kadi palikuwa na kidole gumba cha Komora, na hakikukosea sana. Alinifundisha pia kuelea mayai: unaponda kinyesi cha mbuzi kwenye maji ya chumvi iliyokolea, unachuja, unajaza kioo cha kuhesabia, unasubiri dakika tano. Mayai ya minyoo yanapanda juu nawe unayahesabu kwenye hadubini. Usikisie. Niliwahi kukisia mara moja, Komora akanirudisha zizini kilomita tisa kwa baiskeli kuchukua kinyesi kingine.

Sasa nifike kwenye wazo langu kubwa. Kila kiangazi wafugaji wa Kiorma hushuka na makundi kutoka upande wa Bangale na Hola, wakavuka Garsen kuingia kwenye nyasi za delta, zinazobaki kijani maji ya mafuriko yakishakauka. Nyasi hizo zina unyevu, na mayai ya minyoo huanguliwa humo kwa raha. Mbuzi waliingia wazima, wakatoka na uvimbe chini ya taya kama wamefungiwa kibuyu, na wengi hawakutoka. Nikafikiri: kila mnyama anyweshwe dawa mvukoni, aingie safi kwenye nyasi safi. Kama unaona wazo hilo ni zuri, usijilaumu. Hata mimi niliona hivyo, na mimi si mtu wa kudanganyika ovyo.

Mfugaji wa kwanza kunipinga alikuwa Galgalo, msemaji wa kamati ya malisho, mrefu, mkavu, mwenye mbuzi wengi kuliko mtu yeyote niliyemjua.

"Wewe mtoto ya mahindi," akaniambia pale kwenye josho la mifugo mvukoni, "wewe utafundisha mimi mbuzi?"

"Mbuzi unawajua, mzee. Mimi nitakufundisha minyoo."

Akacheka, akaniachia kundi moja nijaribu nalo. Lile kundi lilitoka delta likiwa limenenepa. Misimu miwili baadaye kamati ikatoa amri kwamba hakuna mbuzi wala kondoo atakayeingia kwenye nyasi bila dawa, na atakayeingiza kwa siri atatolewa na kundi lake lote. Nilizunguka na bomba la kunyweshea begani, watu wakiniita Daktari. Sikuwahi kuwasahihisha.

Komora peke yake hakushangilia. Jioni moja tukiosha mabomba aliniuliza, "Karisa, na wale minyoo waliokataa kufa, sisi tunawapeleka wapi?"

"Ni wachache, mzee."

"Sikuuliza wangapi."

Nilimwona amezeeka. Nikaendelea kuosha.

Kwenda Ulaya sikusaidiwa na mjomba wala mbunge. Mtafiti mmoja Mreno alipita kuangalia minyoo ya mifugo yetu, akakuta vioo vyangu vimepangwa kwa tarehe na kundi, kila kimoja na mwandiko wangu mzuri. Akauliza nani kafanya. Mwaka uliofuata nilikuwa Ureno, fundi wa maabara inayochunguza minyoo wanaoua misonobari.

Vijana wengi mnadhani msonobari ni mti wa Krismasi tu. Kule ni misitu ya milima mizima, na ndani ya shina huingia mnyoo mdogo ambaye huwezi kumwona bila hadubini. Hubebwa na mbawakawa anayetafuna matawi. Akishaingia huzaana, maji yakashindwa kupanda, na mti wa urefu wa mnara ukageuka kahawia kabla mwaka haujaisha. Dawa yake hudungwa shinani kwa sindano nene. Niliposoma chupa nilikaa chini. Ilikuwa ndugu wa ivermektini, ile ile familia ya dawa niliyokuwa nikiwanywesha mbuzi Garsen.

Bi Lurdes, fundi mkuu, alinifundisha kazi hiyo. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini asiyependa maneno. Unachukua vipande vya mti mgonjwa, unavifunga kwenye karatasi laini, unavilaza kwenye faneli iliyojaa maji. Kesho yake minyoo wameshuka chini kwenye mrija wakingoja kuhesabiwa. Unawafuga kwenye sahani yenye kuvu ya kijivu, ndiyo chakula chao. Nilijifunza kwa wiki mbili; alisema wengine humaliza mwezi. Hilo aliliandika, na karatasi ninayo.

Kazi yetu ilikuwa kuzitafuta jeni za usugu, zile zinazomfanya mnyoo asife kwa dawa. Nitaieleza kwa lugha niliyoitumia baadaye mvukoni. Kila kiumbe amerithi maagizo ya jinsi mwili wake utakavyojengwa, na hayo maagizo ndiyo jeni. Katika minyoo elfu, mmoja au wawili wamerithi agizo tofauti kidogo. Pengine mwili wao una vijipampu vingi vya kuitapika dawa nje kabla haijawadhuru. Dawa haikuwafundisha. Walizaliwa hivyo. Dawa inachofanya ni kuwaua wengine wote na kuwaachia wao uwanja.

Ili tuwapate wa kutosha kuwachunguza, tuliwatengeneza wenyewe. Unaweka dawa kwenye sahani, wengi wanakufa. Unawachukua walionusurika, unawahamishia kwenye sahani mpya yenye kuvu mpya, mahali pasipo na minyoo wengine. Wanazaana. Unawapa dawa tena. Unarudia, na baada ya mizunguko mingi unaimwaga dawa nao wanaogelea tu.

Nilikuwa kwenye mzunguko wa nne au wa tano. Nilikuwa nimewanyonya walionusurika kwa kijibomba, nikawadondosha kwenye sahani safi, na mkono wangu ukasimama hewani. Wape wote dawa, kisha wahamishie mahali safi. Nilikuwa nimeifanya kazi hii kabla, bila sahani, kwa mbuzi wa wilaya nzima.

Bi Lurdes aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia mvukoni kwetu tuna sahani moja kubwa sana. Akanitaka nieleze, nikaeleza, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nani aliibuni?" akauliza.

"Mzee mmoja," nikasema. Huo ndio uongo pekee niliosema Ureno.

Mkataba wangu ulikuwa umebaki mwaka mmoja. Niliumaliza nikarudi. Watu Garsen walishangaa mtu anaacha Ulaya. Niliwaambia Ulaya imenifunza yote iliyokuwa nayo. Komora alikuwa ameshafariki, hivyo swali lake nilibaki nalo mwenyewe. Nilijenga nyumba ya matofali, nikanunua mbuzi weupe kumi na mmoja, wakubwa, wa kuonyesha, nikaripoti ofisini.

Aliyekuja mlangoni wiki ile ile alikuwa Amina, mjane wa Kiorma mwenye watoto wanne na mbuzi arobaini na mmoja. Mbuzi hao ndio waliokuwa maziwa, karo na kila kitu. Aliniomba nifike. Nilikuta saba wana uvimbe chini ya taya, na kope nilizoshusha zilikuwa nyeupe. Kwenye ua wake wa miba alikuwa amechomeka chupa tupu za dawa, moja baada ya nyingine, msimu baada ya msimu, ili kamati ikija ione ushahidi.

"Daktari, sheria yako mimi nashika kuliko watu yote," akasema. "Mwaka jana nimenywesha mara mbili. Nyoka hii ya tumbo haifi. Mimi nimekosea wapi?"

Nilimwambia nitapima kwanza. Nilihesabu mayai, nikawanywesha ivermektini mwenyewe, kipimo kamili, nikarudi siku ya kumi na nne. Mayai yalikuwa karibu yale yale. Nilihesabu mara tatu. Nilituma minyoo ndani ya spiriti kwenye maabara ya rafiki Nairobi, na jibu likaja kwamba wana dalili za jeni za usugu dhidi ya ivermektini. Dawa ya zamani, levamisoli, ambayo Garsen tuliiacha zamani tulipoona mpya ni rahisi zaidi, niliijaribu kwa mbuzi wachache, na bado iliwaua minyoo.

Ilinichukua siku mbili kurudi kwa Amina. Kutoka ofisini ni nusu saa kwa pikipiki.

"Hukukosea," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekosea. Ile sheria ndiyo iliyowafuga."

Hakukasirika kama nilivyotarajia. Aliziangalia zile chupa uani. "Kiangazi imefika," akasema. "Huku nyasi imeisha. Nikiingia na dawa yako, wanakufa. Nikiingia bila dawa, kamati inanifukuza. Sasa wewe niambie mimi nakwenda wapi."

Nilikuwa na jibu la kitaalamu. Tungewapa levamisoli wagonjwa tu, kwa uzito uliopimwa kwa utepe, na wenye kope nyekundu tusingewapa chochote, maana wakinywa wote, levamisoli nayo itapata minyoo sugu wake. Minyoo walio ndani ya hao wenye nguvu hawajachujwa na dawa hiyo, wengi wao bado ni wepesi kufa. Wakiangusha mayai nyasini, wanachanganyika na wale sugu, wanazaa nao, na usugu unazimuliwa kama maziwa yaliyotiwa maji. Lakini jibu hilo lilitaka kuvunja sheria mvukoni, mbele ya Galgalo.

Kamati ilikutana uani kwenye josho. Amina alisimama nyuma na mbuzi wake. Nilieleza jeni, nikaeleza misonobari, nikachora pampu kwa kijiti mchangani. Galgalo alisikiliza akiwa ameegemea fimbo.

"Karisa," akasema, "hii sheria nani alileta?"

"Mimi."

"Na leo nani anataka kuvunja?"

"Mimi."

"Basi tutafute Karisa ya tatu, yeye aamue."

Walicheka mpaka mbuzi wakashtuka. Mwingine akadakia kutoka pembeni, "Anasema minyoo yetu imesoma. Iko na diploma kama yeye." Nikangoja wamalize. Nilimwambia Galgalo ndiyo, hao minyoo wamesoma, na shule yao niliijenga mimi. Ninachoomba ni tuwaache wajinga nao waishi, ili wajukuu wa hao wasomi wazaliwe wajinga.

Galgalo hakucheka hilo. "Mara ya kwanza ulisema hivi hivi, na mdomo tamu," akasema. "Tukakuamini. Ukikosea mara ya pili, mbuzi ya Amina inaangusha ugonjwa kwa nyasi ya watu wote. Wewe unarudi nyumba yako ya matofali. Sisi je?"

Hapo jeni zote nilizozijua hazikunisaidia. Alichosema kilikuwa kweli. Nilimwangalia Amina na wale mbuzi wake waliokuwa wakilamba mawe kwa njaa, na nikakumbuka jambo ambalo kila aliyekulia huku analijua. Kwa Waorma, ukimkabidhi mtu mnyama wako akae katika kundi lake, mmefungana. Kundi lake likiumia, umeumia. Hakuna anayetia mnyama wake mahali asipopaamini.

"Nipeni mpaka adhuhuri," nikasema.

Nilikwenda nyumbani nikawatoa wale weupe kumi na mmoja. Mke wangu aliuliza wanakwenda wapi, nikasema kazini. Niliwaswaga barabarani mpaka kwenye josho, nikawaingiza katikati ya mbuzi wa Amina.

"Hawa hawajanywa dawa," nikasema. "Na hawatakunywa mpaka kope ziseme. Wanaingia na Amina na wanakula anapokula. Mbuzi wa mtu mwingine akifa kwa ajili ya jambo hili, mbuzi huyo analipwa kutoka kwa hawa."

Galgalo alisogea. Alishusha kope za wale weupe mmoja mmoja, wote kumi na mmoja, polepole, kisha akashusha za Amina.

"Hawa ndio ile nyeupe unaonyesha kila mgeni?" akauliza.

"Ndio hao."

Akageuka kwa wenzake, wakasemezana kwa Kiorma. Kisha akaunyanyua kwa mkono wake mti uliozuia njia ya mvukoni. "Akae upande wa mbali," akasema. "Pitisha."

Wiki zile sikuzifurahia. Kila Alhamisi nilipanda pikipiki na kisanduku cha barafu kwenda kuchukua kinyesi, na katika hesabu ya kwanza mayai yalikuwa yamepanda. Nilitaka kuwanywesha wote. Nilishaanza kujaza bomba.

"Weka chini," Amina akaniambia. "Angalia kope. Wewe ndio umesema."

Tuliangalia. Watano tu wa Amina ndio waliokuwa na kope nyeupe, tukawapa levamisoli hao. Kulikuwa na beberu mmoja wa madoadoa niliyemwona mzima. Amina akasema hapana, huyo leo amekuwa wa mwisho kufika majini. Nilimpima kinyesi peke yake ili nimwonyeshe. Mayai yalijaa kioo kizima. Tangu hapo nilimuuliza yeye kwanza, ndipo nikashika kope, na nawashauri mfanye vivyo hivyo. Anayewaona mbuzi kila siku ana data kuliko sisi.

Katika wiki ya sita hesabu ilianza kushuka. Mvua zilipofika Amina alitoka delta na mbuzi wake thelathini na wanane. Wawili walikufa mwanzoni kabisa, walikuwa wamechelewa, na mmoja alichukuliwa na mamba, ambaye hana usugu wala dawa. Weupe wangu walitoka wote, nao wakabaki katika kundi lake. Hakuna kundi la jirani lililougua kwa sababu yao. Galgalo hakutoa hotuba. Kiangazi kilichofuata alikuja mvukoni akiwa tayari ametenga mbuzi wake mafungu mawili, na kwenye fungu la kunyweshwa walikuwa wachache.

Sitawadanganya kwamba tumeshinda. Jeni hazifutiki kwa baraza moja, na ivermektini bado haifanyi kazi vizuri mvukoni. Lakini levamisoli inaua leo kama ilivyoua msimu ule wa kwanza, kwa sababu tunaitoa kwa wanaoihitaji tu, na makundi yote ya kamati sasa yanaingia na mbuzi wasiokunywa. Vioo vya kila msimu vipo kabatini, kwa tarehe na kundi. Endeleeni kuhesabu. Msikisie, na msimnyweshe mbuzi kwa kumkadiria uzito kwa macho. Mbuzi anahitaji kipimo chake, akipewa pungufu mnawasomesha tena minyoo bure.

Wiki iliyofuata kustaafu kwangu nilikwenda kwa Amina kuchukua mbuzi wangu. Nilikuwa na kamba mkononi, na nilikuwa nimeshawajengea banda jipya lenye bati. Nilimkuta akikamua. Mtoto wake mkubwa yuko chuoni sasa, anasomea afya ya mifugo, na nimeshamwambia mahali pa kuitundika diploma.

"Nimewafuata weupe," nikasema.

"Hawaendi," akajibu bila kuinua kichwa.

"Amina, ni wangu."

"Ni wako, sijakataa. Lakini hawa hawajanywa dawa tangu waingie hapa. Ndani yao iko minyoo jinga nzuri kuliko kundi yote. Ukitoa hawa, nani atabaki kuzaa na wale umesomesha?"

Nilijaribu kutafuta kosa katika hoja ile. Nina diploma, na nimekaa Ureno miaka mingi katika maabara, na sikuliona. Nikamuuliza basi nitawachukua lini.

"Wewe umestaafu," akasema. "Wao bado."

Akanipa maziwa. Nikayanywa, nikaikunja kamba, nikarudi Garsen kwa miguu.